Neno la Siri Alilopewa Bwana Waranti

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni pa jikoni, mimi na masikio yangu, nikimsikiliza mke wangu akimtajia mwanamume mwingine neno la siri la laptopu yake. Herufi kwa herufi. Kwa sauti ya upole, ile ambayo zamani ilikuwa yangu peke yangu.

Wale mlionitumia ujumbe mkisema nimwache, nimewasoma. Wale mlioniita mpumbavu, nanyi nimewasoma. Subirini kwanza, hamjasikia kitu.

Kwa aliyenikuta leo tu: mimi ni fundi wa funguo. Nina kibanda changu pembeni mwa barabara, nachonga funguo, natengeneza vitasa, nawafungulia watu waliojifungia nje. Mke wangu kazi yake anaifanyia nyumbani. Watu humtumia mikutano yao iliyorekodiwa, yeye anavaa spika za masikioni na kuandika kila kinachosemwa. Kutwa anasikiliza sauti za wanaume nisiowajua. Mara anacheka peke yake.

Nikimuuliza anacheka nini, "Siri ya mteja."

Nikimwomba neno la siri la hiyo laptopu, "Siri ya mteja."

Mimi, ninayefungua mlango wowote mtaa huu, mezani kwangu mwenyewe kulikuwa na kitu kisichonifungukia. Hebu jiwekeni hapo.

Ndipo laptopu ikazimika, kioo kikawa cheusi, isitake kuwaka kwa namna yoyote. Kampuni iliyoitengeneza ikasema waranti bado ipo, iletwe wataitengeneza. Na yule mwanamume wa kwenye simu ndiye fundi wao. Jina lake sikutaka kulijua. Mimi nilimwita Bwana Waranti.

Haya, tuendelee.

Nilikohoa. Mke wangu akageuka, simu ingali sikioni.

"Asante sana kaka, naipakia leo leo," akasema, akakata.

"Umempa nini huyo?"

"Neno la siri. Asipoweza kuifungua ataipimaje?"

"Kwa hiyo yeye umempa."

"Ni kazi yake."

"Na mimi je? Mimi mumeo! Niliyekesha na wewe hospitalini, niliyesimama na ninyi mkimzika baba yako. Mimi nikiomba ni siri ya mteja. Huyu hata sura yake huijui, umemmwagia lote!"

"Punguza sauti. Wateja nimewaomba ruhusa, wamekubali. Halafu yeye akitoa siri za watu anafukuzwa kazi. Wewe nikikupa ukatoa, nani atakufukuza?"

"Si wewe?"

Akacheka. "Usinijaribu," akasema, akanipita.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahangaika na yale niliyoyasikia. Kwa bahati mbaya niliuwahi mwisho tu: "herufi ndogo zote, halafu nukta." Nikabaki na nukta. Mwenzangu ana neno zima.

Akaanza kuipakia. Jamani, sijawahi kuona kitu kikifungwa vile. Akakifuta kioo chake kwa kitambaa laini. Akaizungushia plastiki. Kisha akafungua kabati, akatoa shali ya zambarau, ile niliyomnunulia mwenyewe siku alipotoka hospitalini.

"Hiyo si shali yako?"

"Ni laini. Itazuia isigongwe njiani."

"Niliinunua uivae wewe. Sikuinunua umpelekee Bwana Waranti."

"Nani?"

"Huyo kaka yako wa simu."

Akanitazama. "Umempa na jina kabisa?"

"Nimpe nini kingine? Mengine si umeshampa wewe."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga. Nikaona nijitie wema, nikashika boksi nimsaidie kubandika utepe. Akanipiga kofi la mkono.

"Vidole! Utaniharibia."

Hapa lazima niwaeleze jambo la kazi yetu. Kitasa kikigoma, watu hukimbilia mafuta. Makosa hayo, mafuta yanakusanya vumbi. Sisi mafundi tunasaga kile cheusi cha ndani ya penseli mpaka kiwe unga, tunaupuliza kwenye tundu la funguo, na kitasa kinateleza kama kipya. Ubaya wake hautoki vidoleni. Ninawe, nisugue, wapi. Mke wangu hujua kila nilipopita ndani ya nyumba: kwenye swichi ya taa, kwenye mlango wa friji, kwenye mashuka. Alizoea kunitania kwamba mimi siwezi kuwa mwizi hata nikitaka.

Shikeni hilo la vidole. Mimi ningelishika, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Kesho yake nikaenda kibandani na donge langu rohoni. Gari la vifurushi lilikuwa lije nyumbani alasiri kulichukua boksi. Jirani yangu wa kibanda ni kinyozi, na kinyozi yule hajui kunyamaza. Nikamweleza. Wembe ulikuwa kidevuni mwa mteja, akausimamisha palepale.

"Kampa neno la siri? La simu au la laptopu?"

"La laptopu."

"Afadhali lingekuwa la simu."

"Kwa nini?"

"Simu anatembea nayo, siku moja utaichungulia. Laptopu kaivisha shali, kaitia kwenye boksi, anampelekea mtu."

"Anaipeleka karakana ya kampuni."

"Wewe umeiona hiyo karakana?"

Sikuwa nimeiona. Hata mteja mwenye povu usoni akaguna.

"Mwanamume mwenzako akikaa na hiyo laptopu siku nzima," kinyozi akaendelea, "atamjua mkeo kuliko wewe. Anachoandika, anachosoma, picha zake. Wewe utakuwa unamjua kwa nje tu."

Kwa nje tu! Maneno hayo yalinichoma. Nikarudi kwenye kiti changu, nikashika kitasa cha mteja kilichovunjika mkono, nikaanza kukitoa moyo.

Nalo hilo niwaeleze. Kitasa cha mtu kikihitaji kuchomelewa, hatumpelekei mchomeleaji kikiwa kizima. Tunatoa moyo kwanza, ile silinda ndogo inayoukubali ufunguo, na moyo unabaki kibandani. Mchomeleaji anapata chuma kitupu. Hivyo hata akiwa na tamaa zake, hawezi kuchonga ufunguo wa nyumba ya watu. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza ya kazi na sijawahi kukiuka.

Nikautazama ule moyo kiganjani. Nikajiambia: kumbe!

Laptopu nayo ina moyo. Inaitwa diski, ndimo vitu vyote hukaa. Bwana Waranti anataka kutengeneza kioo na umeme? Atengeneze. Moyo wa nini? Kama mimi sioni, na yeye asione. Tuwe sawa.

Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa ametoka, amekwenda kumwangukia mteja mmoja aliyekuwa akiisubiri kazi yake kwa hasira. Boksi lilikuwa mezani, shali yangu imo ndani.

Utepe niliubandua taratibu, usichanike. Laptopu nikaigeuza kifudifudi. Skrubu moja ilikuwa imefunikwa na kistika kidogo, kimeandikwa kwamba kikibanduliwa waranti imekufa. Nikacheka. Kistika! Mimi niliyefungua sefu za watu! Nikachemsha birika, nikakipitisha kwenye mvuke, kikanyanyuka chenyewe. Bisibisi yangu ndogo ya vitasa ikamaliza kazi.

Diski yenyewe ilikuwa kipande chembamba, hakizidi kidole. Nikaitoa. Nilipoishika mkononi nilijisikia mwanamume. Yote anayoyacheka yule mwanamke, yote anayonificha, yalikuwa hapa kwenye kiganja changu.

Siyasomi, ni kweli. Lakini na mwingine hayasomi.

Nikafunika, nikarudisha skrubu, kistika, plastiki, shali, utepe. Diski nikaitia mfukoni, nikarudi nayo kibandani, nikaifukia chini kabisa ya kopo la funguo ambazo hazijachongwa. Alasiri gari la vifurushi likaja. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyelikabidhi boksi, na akampungia dereva mkono.

Zikafuata siku za simu.

"Kaka, imefika? Aha, bado." Anacheka. "Haya kaka, usiku mwema."

Siku zote hizo, "kaka, kaka." Mimi nikiingia na uchovu wangu naambiwa, "Umerudi? Chakula kipo jikoni." Nikimuuliza wanacheka nini, anasema kaka yule ana utani. Ana utani! Na mimi nilikuwa na utani, nani aliyeuulizia?

Lakini nilikuwa natulia. Nikiikumbuka ile diski kwenye kopo, nalala vizuri.

Kisha siku hiyo nikarudi nikamkuta amesimama katikati ya sebule, simu mkononi.

"Unasema nini? Haina diski? Iliondoka hapa ikiwa nayo!"

Sauti ya upande wa pili ikasema kitu.

"Stika imebanduliwa na nani? Mimi? Mimi nibandue stika ya waranti yangu mwenyewe? Aliyelifungua boksi ni wewe! Uliyekuwa na neno la siri ni wewe! Nimekuamini, nimekuita kaka, kumbe ni mwizi. Tena mwizi mwenye sauti nzuri!"

Sauti nzuri. Hilo nilisikia, nikaliweka. Lakini mwizi nalo nilisikia, na likanisafisha roho.

Akaitupa simu kwenye kochi, akaanza kulia. "Kazi ya watu yote imo humo. Mteja anaitaka wiki hii. Asipoipata ananiacha, na yeye ndiye aliyeniletea wenzake wote."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mtu mwenye akili angesema: mke wangu, diski ipo, nilifanya ujinga, nisamehe. Maneno machache, yameisha.

Nilichosema mimi ni hiki: "Nilikwambia."

"Ulinambia," akasema.

"Mtu humjui, unampa neno la siri."

"Ulinambia, mume wangu. Nikakuona una wivu tu."

Akaja akakaa karibu, akaniegemea begani. Ndugu zangu! Tangu anunue ile laptopu sikuwa nimeegemewa. Nikamletea chai. Nikamfuta machozi kwa nyuma ya kiganja, mahali pasipo na unga. Akalala na kichwa chake begani kwangu, nikakaa vile mkono umekufa ganzi na sikuthubutu kuusogeza.

Sasa nani kati yenu angeitoa ile diski? Semeni ukweli. Ningeitoa, bega lingebaki tupu.

Nikawaza mbinu. Labda niitume kwa njia ya kifurushi, ionekane mwizi kajutia. Labda niseme nimeiokota nje ya kituo cha vifurushi. Kila mbinu ilikuwa na tundu. Na kila siku mke wangu alizidi kumtukana Bwana Waranti, na mimi nikazidi kunenepa. Akawaandikia wakubwa wa kampuni. Akawaambia fundi wao ni mwizi. Nami nikamsaidia maneno: nikamwambia aongeze kwamba mtu huyo alikuwa anacheka sana kwenye simu, si kawaida kwa mtu wa kazi.

Mpaka juzi.

Tulikuwa tunakunywa chai ya jioni, mimi nimetoka tu kibandani. Simu ikalia. Mke wangu akaiangalia.

"Ni yeye. Ana uso mkavu kweli huyu." Akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie. "Unataka nini?"

"Dada, naomba unisikilize kidogo tu, halafu ukate." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti hiyo kwa ukaribu. Ilikuwa nzuri, ndiyo. Lakini ilikuwa imechoka. "Wakubwa wamenitoa kwenye meza yangu mpaka jambo hili lijulikane. Nina watoto, dada. Sikuichukua diski yako."

"Kila mwizi anasema hivyo," mimi nikamnong'oneza mke wangu. Akanipungia mkono ninyamaze.

"Jana wameipima mbele yangu," sauti ikaendelea. "Tatizo lako la kwanza lilikuwa dogo, waya wa kioo tu. Ila tulipoiwasha, bodi yote iliungua. Tumefungua tukakuta ndani kuna unga mweusi, unang'aa. Unga huo unapitisha umeme, ndio umeiunguza. Na upo kwenye stika, chini, kama mtu ameipapasa kwa vidole. Nimetengeneza laptopu nyingi, dada, hicho sijawahi kukiona. Ni kama wa penseli. Je, hapo nyumbani kuna mtu anayechora?"

Mke wangu akageukia upande wangu.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Kikombe kilikuwa cheupe. Alikuwa anakitazama.

Nilikiweka chini polepole. Hilo likawa kosa lingine, maana sasa alama zilionekana zote tano.

"Hakuna anayechora, kaka," mke wangu akasema mwishowe. "Nisamehe sana. Hukuiba wewe. Nitawapigia wakubwa wako mwenyewe, sasa hivi, niwaambie nilikusingizia."

Akakata. Akakunja mikono kifuani.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Usinichoshe."

"Kwenye kopo la funguo. Kibandani."

"Kwa nini?"

"Sikutaka aone."

"Aone nini?"

"Mimi nitajuaje? Nimewahi kuonyeshwa?"

Akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ulinitazama nikimtukana mtu asiye na kosa. Ukakaa pale. Ukaniletea na chai."

"Ulikuwa unalia."

"Na ulifurahi. Nilikuegemea, nikakusikia unavyohema kwa raha. Nikadhani ni mapenzi."

"Yalikuwa mapenzi!"

"Waranti imekufa. Laptopu imekufa. Kaka wa watu amekaa nyumbani na watoto. Kama hayo ni mapenzi, ukinichukia itakuwaje?"

Nikavaa viatu, nikaenda kibandani, nikaileta diski. Akaipokea kwa kitambaa, asinishike mkono.

"Kesho naipeleka kwenye kampuni mwenyewe," akasema. "Wana mashine nyingine, nitaitoa kazi ya mteja kabla sijamkosa."

Na hapo, ndugu zangu, nikiwa nimeshapona nusu, nikiwa nimebakiza kunyamaza tu, mdomo huu ukafunguka wenyewe.

"Kwa yule yule?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliichukua mito yake, akaenda kulala chumba cha mbele.

Jana nilikwenda kazini sina raha. Kinyozi akaniuliza habari, nikamwambia anyoe watu. Mchana akapita fundi mwenzangu wa funguo, wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita Mkono Mwepesi, na hatupendani. Alikuwa na mkoba wake wa vifaa begani, anapiga mluzi.

"Habari ya nyumbani?" akaniuliza, meno yote nje.

"Nzuri tu."

"Vizuri. Nyumba yako ina mlango mzuri sana." Akaenda zake.

Nikadhani ana wazimu wake. Hata sikuuliza ameuona wapi.

Nilirudi jua bado lipo. Nikatia ufunguo mlangoni, haukuingia. Nikaugeuza, haukuingia. Nikachuchumaa kutazama.

Kitasa kilikuwa kipya. Na kazi ile niliijua: skrubu zote mifereji ya vichwa vyake imesimama wima, mstari mmoja. Hakuna anayefunga skrubu hivyo mji huu isipokuwa Mkono Mwepesi. Mke wangu amemleta yule ndani ya nyumba yangu. Amesimama pale mlangoni mwangu, amepapasa kitasa changu, labda amepewa na maji ya kunywa. Mke wa fundi wa funguo, ndugu zangu, ametafuta fundi wa funguo!

Nilimsahau Bwana Waranti kwa dakika nzima.

Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anaanika nguo. Aliponiona nimechuchumaa, akaacha kuanika.

Kitasa kile nakifungua kabla wewe hujamaliza kusoma mstari huu. Mkono ukaenda mfukoni, penye vifaa.

"Usihangaike." Sauti ya mke wangu, nyuma tu ya mlango. "Najua unaweza."

"Sasa ni mchezo gani huu?"

"Si mchezo. Ukikifungua mwenyewe utanikuta na mabegi, nami nitatoka kwa mlango huohuo uliofungua."

"Basi fungua wewe."

"Nitafungua. Lakini uchague kwanza." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno tangu asubuhi. "Kazi ya mteja nimeshaitoa, nimemkabidhi. Diski ninayo hapa. Nikufungulie mlango, uingie, ule, ulale, na neno la siri usiniulize tena maisha yako yote. Au nikutajie neno la siri sasa hivi, lote, na diski nikupitishie chini ya mlango. Utaona kila kitu, uridhike. Ila mlango huu kwako hautafunguka tena."

"Mke wangu."

"Kimoja tu."

Nikaegemea mlango. Ulikuwa na joto la jua. Nilisikia anavyopumua upande wa pili, na nikakumbuka kile kichwa begani. Nikajiambia, mjinga wewe, kuna la kufikiri hapo? Diski ya nini? Ndani mna mkeo.

Naapa kwenu, neno lilikuwa tayari mdomoni: mlango. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nilitamke.

Simu ikalia ndani.

"Haloo? Kaka!" Sauti ikabadilika, ikawa ile ya upole. "Wamekurudisha kazini? Kweli? Jamani, nimefurahi!"

Akacheka.

Kicheko kile, ndugu zangu. Kile kile cha spika za masikioni, cha miaka yote ya siri ya mteja. Mlango katikati, mimi nje na jirani anatazama, na yeye ndani anamchekea mwanamume ambaye neno analijua.

"Neno la siri," nikasema.

Kicheko kikakatika. Nilimsikia akimwambia kaka samahani, nitakupigia. Nilitaka kusema subiri. Nilitaka kusema nimekosea, nimesema mlango, umesikia vibaya.

Chini ya mlango ikapita diski, taratibu, ikafika kwenye ncha ya kiatu changu. Ilikuwa bado na alama za vidole vyangu.

Kisha sauti yake ikasogea karibu kabisa na tundu la funguo, akaanza kunitajia, herufi kwa herufi.